Meseji 11 ndani ya dakika 11: kisa cha Gray Summit na kufuli la simu ya dereva

Tarehe 5 Agosti 2010, saa nne na dakika kumi na moja asubuhi, magari yaliyokuwa yakielekea mashariki kwenye barabara kuu ya I-44, karibu na Gray Summit katika jimbo la Missouri, Marekani, yalikuwa yamepunguza mwendo. Mbele kulikuwa na ujenzi wa barabara. Kichwa cha lori aina ya Volvo, kisichokuwa na tela, nacho kilikuwa kimepunguza. Pikapu ya GMC Sierra iliyokuwa nyuma yake haikupunguza. Ilikigonga kwa mwendo wa maili 55 kwa saa, karibu kilomita 88. Nyuma ya pikapu yalikuwa yanakuja mabasi mawili ya shule kutoka mji wa St. James, yamebeba wanafunzi wa bendi wanaokwenda kutembea kwenye bustani ya michezo ya Six Flags. Basi la kwanza likaivaa pikapu na kupanda juu ya mabaki, la pili likaligonga la kwanza kwa nyuma. Walikufa wawili: dereva wa pikapu, kijana wa miaka 19, na mwanafunzi wa miaka 15 aliyekuwa kwenye basi la kwanza. Majeruhi walikuwa 38.

Bodi ya taifa ya usalama wa usafirishaji ya Marekani, NTSB, ilipochukua kumbukumbu za simu ya kijana yule ilikuta meseji 11 katika dakika 11 za mwisho. Alituma sita, akapokea tano. Ya mwisho iliingia muda mfupi tu kabla ya kugonga.

Kisa hiki kina faida kwa anayetaka kujua teknolojia inaweza nini na haiwezi nini, kwa sababu vitu vingine vyote vilivyotakiwa kumzuia kijana vilikuwepo. Sheria ilikuwepo: tangu Agosti 2009 Missouri ilikuwa imekwishapiga marufuku meseji kwa dereva yeyote mwenye miaka 21 au chini yake. Ulikuwa mchana kweupe. Barabara ni pana, magari yote yakielekea upande mmoja. Kilichokosekana ni kitu cha kukata mazungumzo yale kabla hayajafika kwenye macho yake.

Tuseme pia lililo kweli, maana kisa hiki mara nyingi husimuliwa nusu. NTSB haikuitaja simu peke yake. Ilisema kijana huenda alikuwa na uchovu, kwa kuwa siku zile alikuwa halali vya kutosha. Ilisema dereva wa basi la kwanza alikuwa ameelekeza macho kwenye basi la abiria lililoegeshwa pembeni, badala ya kutazama mbele. Ilisema basi la pili lilikuwa limemkaribia mno mwenzake. Kufuli la simu, yaani mpangilio unaozuia simu isitumike dereva akiwa kwenye mwendo, lisingemsaidia dereva yeyote kati ya hao wawili wa mabasi. Lingegusa kiungo cha kwanza tu cha mnyororo, ambacho kwa bahati mbaya ndicho kilichovuta vingine.

Sasa turudi ndani ya pikapu. Kwa kilomita 88 kwa saa gari linakwenda mita 24 na nusu kila sekunde. Utafiti wa taasisi ya usafirishaji ya Virginia Tech uliotoka 2009, uliowarekodi madereva wa malori kwa kamera wakiwa kazini, ulikuta kwamba anayeandika meseji hutoa macho barabarani kwa sekunde 4.6 katika kila sekunde 6. Piga hesabu: ni mita 113, goli hadi goli na chenji inabaki. Meseji 11 maana yake si kuinamisha macho mara 11. Iliyoingia huenda ilisomwa, kila iliyotoka iliandikwa, na kati yake kuna kuchungulia kama amejibu. Kama alishika mwendo ule, dakika 11 ni kilomita 16 za kuendesha kwa vipande vipande.

Na hayo yalikuwa mazungumzo, hapo ndipo penye kiini. Meseji moja inayoingia ni usumbufu. Meseji inayojibiwa ni mkataba, kwa kuwa mwenzako sasa anajua uko hewani, anasubiri, naye atajibu haraka. Kwa hiyo kifaa chochote cha kumsaidia kijana kina kazi mbili tofauti, na wauzaji wengi wa programu huzichanganya. Kazi ya kwanza ni kunyamazisha kinachoingia. Ya pili ni kumfungia dereva asianzishe yeye. Ukinyamazisha tu, umezishughulikia meseji tano za Gray Summit. Zile sita zilizotoka bado zina mlango.

Desemba 2011 NTSB ilitoa mapendekezo yake. Vyombo vya habari vilishika moja tu, la kutaka majimbo yote 50 na Wilaya ya Columbia yapige marufuku matumizi yasiyo ya dharura ya vifaa vya mkononi kwa kila dereva. Lililopita kimya ni lile lililoelekezwa kwa vyama vya makampuni ya simu na ya vifaa vya elektroniki: himizeni teknolojia inayozima kazi za kifaa kilicho karibu na dereva gari likiwa kwenye mwendo, iache njia ya dharura, na iweze kutambua aliyeshika simu amekaa kiti gani, ili abiria asisumbuliwe. Masharti matatu. Mawili ya kwanza tunayo leo mfukoni. La tatu ndilo linaloharibu kazi.

Wala wazo halikuwa geni. Apple, watengenezaji wa iPhone, walikuwa wameomba hataza (haki ya uvumbuzi) ya kufuli la namna hiyo Desemba 2008, miezi 20 kabla ya ajali, ikaipata Aprili 2014. Humo ndani ilieleza simu inayopima mwendo na kutumia kamera kutazama mazingira ili ijue mwenye nayo yuko sehemu salama au la, na njia nyingine ya simu kupata ishara kutoka kwenye gari lenyewe. Lakini kitu cha kutumia kilifika kwa watu Septemba 2017, na toleo la iOS 11, mfumo unaoendesha iPhone, nacho hakina kamera wala ujuzi wa kiti. Kina kitufe cha kusema huendeshi. Taasisi ya usalama barabarani ya makampuni ya bima ya Marekani, IIHS, ilipouliza wenye simu za iPhone zenye huduma hiyo, ni mmoja tu katika watano aliyekuwa ameiweka ijiwashe yenyewe. Wanne waliobaki walikuwa na kufuli lililo wazi.

Kwa hiyo kuiweka vizuri ni kazi ya dakika kumi ambayo watu wengi hawaifanyi. Inafanywa hivi.

Kwenye iPhone, ingia "Settings", kisha "Focus", kisha "Driving". Kama "Driving" haipo kwenye orodha, gusa alama ya kujumlisha juu kulia uiongeze. Ndani yake kuna swali la lini ijiwashe, na majibu ni matatu: simu ikihisi mwendo wa gari, ikiunganishwa na Bluetooth ya gari, au kwa mkono. La kwanza linavutia lakini ndilo linalozaa matatizo. Simu ikihisi mwendo haijui kama uko usukanini, kwenye daladala au kwenye treni. Kijana anayepanda basi kwenda chuo kila asubuhi atafungiwa simu akiwa abiria, atabonyeza "I'm Not Driving" siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kidole kitazoea. Siku akiendesha, kidole kilekile kitabonyeza kabla akili haijauliza. Chagua Bluetooth ya gari. Hapo kufuli linawaka kwenye gari analoendesha tu.

Gari lisilo na Bluetooth ni tatizo la wengi wetu wenye mitumba ya Japani. Kuna kile kidude cha FM kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, cha volti 12, chenye Bluetooth. Kikiunganishwa, simu inakiona kama kifaa, basi kinaweza kuwa kiwashio cha kufuli. Ila mambo matatu. Kwanza, kwenye orodha ya Bluetooth gusa herufi "i" iliyo pembeni ya jina lake, ingia "Device Type", chagua "Car Stereo"; bila hivyo simu huenda ikadhani ni spika ya sebuleni. Pili, redio nyingi za magari ya Japani hushika masafa ya 76 hadi 90 tu, na kidude hurusha kuanzia 87.5 hadi 108, kwa hiyo mnakutana kati ya 87.5 na 90. Ukikiweka 95 hutasikia kitu, kijana atakichomoa akisema kibovu, na kufuli limeondoka nacho. Tatu, magari mengine tundu hilo lina umeme hata ufunguo ukitolewa. Simu inabaki imeunganishwa gari likiwa limeegeshwa, kijana anamsubiri mdogo wake nje ya shule, simu haimfungukii. Hasira inaanzia hapo. Mfundishe kukichomoa akizima gari, au peleka kwa fundi umeme akihamishie tundu kwenye waya unaokatika na ufunguo.

Baada ya hapo, jibu la moja kwa moja. Ndani ya "Driving" kuna "Auto-Reply". Iwekwe kwa watu wote walio kwenye kitabu cha namba, na maneno yaliyoandikwa kwa Kiingereza yabadilishwe. "Naendesha gari. Nitakujibu nikifika" inatosha. Hiki kipengele kidogo ndicho ambacho kingegusa Gray Summit zaidi kuliko kingine chochote, kwa sababu kinamfikia mtu wa upande wa pili. Meseji ya kwanza ikijibiwa hivyo, mwenzake anajua. Nafasi ya kuja ya pili mpaka ya tano inapungua. Mtumaji mwenye dharura ya kweli anaweza kujibu "urgent" na meseji yake ikapenya. Usimwambie kijana atangaze neno hilo kwa marafiki.

Pengo lake kubwa kwetu ni WhatsApp. Jibu la moja kwa moja la iPhone linakwenda kwa anayetuma kupitia programu ya meseji ya simu yenyewe. Ujumbe wa WhatsApp unanyamazishwa tu. Aliyeutuma hapati jibu lolote, anaona tiki mbili tu, anatuma tena, kisha anapiga. Hakuna mpangilio wa kuziba hilo. Dawa yake ni ya kibinadamu: wale watu watano au sita wanaomwandikia kijana kutwa, wakiwemo mama na baba, waambiwe kwamba kimya cha kuanzia saa fulani ni cha barabarani. Wazazi wajichunguze pia. Simu ya "umefika wapi?" mara nyingi inatoka nyumbani, na anayeipiga ndiye aliyemnunulia kijana kifaa cha kushikilia simu.

Kwa simu zinazopiga, Bluetooth ya gari ikiwa imeunganishwa huziachia zipite kwenye spika. Kwa dereva wa leseni mpya ni heri zisipite. Mazungumzo ya sauti hayatoi macho barabarani lakini yanatoa akili. Ruhusu namba mbili tatu za nyumbani. Chunguza pia kipengele cha kupiga mara mbili: anayepiga tena ndani ya dakika tatu huachiwa apite. Kimewekwa kwa nia njema, na marafiki hukigundua ndani ya wiki moja.

Mwisho ni kufunga mpangilio wenyewe. Kwenye "Screen Time", weka nywila ambayo mzazi peke yake anaijua, ingia sehemu ya vizuizi vya maudhui na faragha, tafuta "Driving Focus" chini ya mambo yanayoruhusiwa kubadilishwa, uiweke isiruhusiwe. Nywila isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote wa nyumbani. Halafu fanyeni jaribio: mzazi usukanini, kijana kiti cha mbele na simu yake, zungukeni mtaa dakika tano, mtu mwingine amtumie meseji ya kawaida, ya WhatsApp, ampigie mara moja, kisha mara mbili. Kijana ajaribu kwa makusudi kulitoa kufuli. Mtaona lipi linapenya kwenye toleo lenu la simu. Rudieni jaribio kila baada ya sasisho kubwa la mfumo, kwa sababu majina na mahali pa vipengele huhama.

Android haina njia moja, kila mtengenezaji ana yake. Kwenye simu za Pixel za Google kuna hali ya kuendesha gari ndani ya mipangilio ya vifaa vilivyounganishwa, nayo inaweza kuwasha "Usinisumbue" kwa Bluetooth au kwa kuhisi mwendo. Samsung mpya wanaiweka kwenye "Modes and Routines". Simu nyingine tafuta "Usinisumbue", kisha ratiba au kanuni, uangalie kama kuna ya kuendesha. Jihadhari na kitu kimoja: "Usinisumbue" kwa kawaida inanyamazisha, haifungi. Ni ile kazi ya kwanza tu kati ya zile mbili.

Sababu kuu ya vijana kulitupa kufuli ni ramani na muziki. Kufuli linaloua ramani halimalizi wiki. Kwa hiyo safari ianze na gari limesimama: njia imewekwa, orodha ya nyimbo imeanza, simu kwenye kishikio kilicho chini ya mstari wa macho na pasipoziba kioo, si mapajani wala kwenye tundu la kuwekea kikombe cha kahawa. Ramani iliyowashwa kabla itaendelea kuelekeza. Kukiwa na mtu kiti cha mbele, simu ni yake: yeye ndiye utingo wa safari hiyo, asome meseji, ajibu, abadilishe wimbo. Vijana hulipokea hili kirahisi kuliko kufuli, labda kwa sababu linampa kila mtu kazi.

Je, vifaa hivi vinasaidia? Chuo Kikuu cha Minnesota kilifunga mfumo wa simu kwenye magari ya vijana 300 wenye leseni mpya mwaka 2013, kwa mwaka mzima. Mfumo ulizuia simu na meseji isipokuwa dharura, ukaonya mwendo kasi na kona kali. Kundi moja halikupewa maonyo yoyote, la pili walipata maonyo ndani ya gari, la tatu wazazi nao walitumiwa taarifa. Tabia za hatari zilipungua zaidi pale mzazi alipojua. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania uliochapishwa 2024, kwa madereva wa umri mbalimbali waliokuwa kwenye bima inayopima uendeshaji kwa simu, haukutumia kufuli kabisa. Ulitumia kishikio cha bure, ahadi, mashindano ya kila wiki na zawadi. Muda wa kushika simu mkononi ulipungua kwa kati ya asilimia 20 na 28, na upungufu ukabaki hata mashindano yalipokwisha. Ukiziweka pamoja, tafiti hizo mbili zinaelekea upande mmoja: kifaa kinachoonwa na mtu wa pili kinafanya kazi kuliko kifaa kilichoachwa na kijana peke yake.

Hesabu ya kufuatilia ipo bure. "Screen Time" ina sehemu inayoitwa "Pickups", inayoonyesha kwa kila saa simu imeinuliwa mara ngapi. Mzazi na kijana wakae Jumapili jioni, waangalie saa ambazo kijana alikuwa njiani. Safari ya dakika 40 ikiwa na kuinua simu mara tisa, kuna la kuzungumza. Inawezekana ni abiria aliyekuwa anabadilisha nyimbo. Kijana ataeleza, na maelezo yatalinganishwa na wiki inayofuata. Kutumia namba hizo kama kesi ya polisi kutamfanya abebe simu ya pili, ya zamani, isiyo na kufuli. Njia hiyo ya kukwepa haihitaji ujuzi wowote na hakuna programu inayoiona.

Kuna dereva mmoja ambaye haya yote hayamfai: kijana wa bodaboda au teksi ya mtandao, ambaye simu ndiyo inayomletea abiria. Kumfungia simu ni kumfungia kazi. Kwake suluhisho liko mikononi mwa mwenye programu ya usafiri, aruhusu safari mpya ikubaliwe kwa mguso mmoja mkubwa au kwa sauti, na asimwadhibu anayechelewa sekunde kumi kwa sababu anasubiri kusimama.

Missouri yenyewe ilichukua miaka 13 kupiga marufuku kushika simu mkononi kwa madereva wa rika zote. Sheria ilianza Agosti 2023, na faini zikaanza kutozwa Januari 2025. Katika sharti la kiti, lile la tatu la NTSB, simu za madukani bado zinauliza tu, na anayejibu ni yuleyule mwenye kidole kilichozoea.